Kifaru Gani, cha Mwaka Gani?

Wanaokuja kuniuliza kuhusu modeli za vifaru huanza na jina la kampuni. Tamiya au Trumpeter? Revell ni sawa? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kabla ya kampuni kuna kifaru chenyewe, na kabla ya kufungua boksi lazima ujue unajenga kifaru cha jeshi gani, cha mwaka gani, kilivyokuwa siku kilipopigwa picha. Chukua Sherman ya Wamarekani. Zaidi ya 49,000 zilitoka viwandani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na viwanda vilikuwa vingi, injini mbalimbali. Bodi ya M4A1 ilimiminwa kwenye kalibu ikatoka na mabega ya mviringo. Ya M4A3 ilichomelewa kwa mabamba, ina kona kali. Anayeniambia "nataka Sherman" bado hajaniambia kitu, na akinunua boksi la kwanza aliloliona ataishia na kifaru ambacho hakikuwahi kuwa cha mtu yeyote.

Mimi nauza vichezeo vya mitumba Gikomba, upande unaoshuka kuelekea Mto Nairobi. Bale la toys likikatwa hutoka kila kitu: wanasesere, magari madogo ya chuma, vipande vya Lego, picha za kuunganisha zilizopungua vipande. Wateja wa jumla huwahi asubuhi kuchukua kamera, ile mali safi ya juu, na jioni kinachobaki kinakuwa fagia. Modeli nilizipata ndani ya fagia. Mwenye duka la watoto hana haja na boksi lililobonyea lenye vijiti vya plastiki ndani, kwa sababu mtoto hawezi kuchezea kitu ambacho hakijajengwa. Maboksi hayo yalikuwa yakienda kwa bei ya kutupa, mengine yakiwashiwa jiko. Kisha mwaka 2020 serikali ikasimamisha uagizaji wa mitumba kwa ajili ya korona, ikafungulia tena Agosti. Katikati hapo meza yangu ilibaki na vitu visivyotakwa na mtu, nami nilikuwa na nafasi. Nilikuwa nimeshona nguo miaka mingi kabla ya kuingia kwenye vichezeo, kwa hiyo macho na vidole vilikuwa tayari vimezoea vipimo vidogo.

Kwa asiyewahi kuiona, seti ya modeli ni hivi. Ndani ya boksi mna fremu za plastiki aina ya polistirini, na kwenye kila fremu vipande vimening'inia, kila kimoja na namba yake: magurudumu, vifuniko, mashoka, koleo, nusu mbili za mzinga. Mna karatasi ya maelekezo yenye michoro, na kipande cha karatasi chenye stika za maji, yaani namba na alama za jeshi unazoziloweka na kuzitelezesha juu ya rangi. Unakata, unasugua kwa msasa, unaunganisha, unapaka. Seti ndogo ina vipande kama mia moja hivi. Nyingine za siku hizi zina vipande zaidi ya elfu, na kila kiungo cha mnyororo ni kipande peke yake.

Kitu cha kuelewa kabla ya vyote ni skeli. Skeli ya 1/35 maana yake ni kwamba sentimita 35 za kifaru halisi zinakuwa sentimita moja mezani pako. Kifaru cha Vickers Mk 3, ambacho ndicho kifaru chetu hapa Kenya, kina bodi ya urefu wa mita 7.56, upana wa mita 3.17, na kimo cha mita 2.48. Gawanya kwa 35: sentimita 21.6, sentimita 9, na sentimita 7 na ushee. Tundu la mzinga wake ni milimita 105, kwa hiyo kwenye modeli ni milimita 3 kamili. Ukichukua rula ukapima tundu la mdomo wa mzinga ukakuta milimita 4, mzinga huo ni wa kifaru kingine, au mchongaji wa kalibu alibahatisha. Hesabu hiyo moja ya kugawanya ndiyo inayotenganisha modeli na sanamu ya kifaru.

Watu huuliza kwa nini 35, namba isiyogawanyika vizuri. Jibu liko Shizuoka, Japani. Kampuni ya Tamiya ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, kama hizi tunazopasua hapa Gikomba, kabla ya kugeukia modeli za mbao na baadaye plastiki. Mwaka 1961 walitengeneza kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye mota, kiwe kinatembea chenyewe. Ndani ilibidi ipatikane nafasi ya mota na betri. Ukubwa wa kifaru ulifuata ukubwa wa betri, na walipopima wakaona umeangukia karibu na 1/35. Kifaru kiliuzwa sana, wakaendelea na kipimo hicho, na kampuni nyingine duniani zikafuata. Waingereza wa Airfix walikuwa wameshika njia yao, 1/76, inayoendana na treni za kuchezea. Ndiyo maana leo mezani kwangu mna 1/35, 1/48, 1/72 na 1/76 zote pamoja, na mtu asiyesoma boksi huzichanganya. Kati ya 1/72 na 1/76 tofauti inaonekana kidogo, lakini Vickers yetu ingekuwa sentimita 10.5 kwa ya kwanza na chini kidogo ya 10 kwa ya pili. Ukiziweka jirani, moja inaonekana haikulishwa vizuri.

Kuhusu Tamiya kuna habari moja ninayoipenda kuliko zote. Shunsaku Tamiya, mtoto wa mwanzilishi na kiongozi wa kampuni kwa miaka mingi, alitaka kutoa modeli ya gari la Porsche. Vipimo vya vitabuni havikumtosha. Alinunua Porsche 911 nzima, akaifungua kipande kwa kipande, na kuirudisha ikawa shida mpaka mafundi wa Porsche wakaitwa kusaidia. Kwa vifaru alisafiri hadi makumbusho ya Marekani na Uingereza kuvipiga picha na kuvipima. Kwangu mimi huo ndio msingi wa kazi hii: mtu hasemi modeli yake ni sahihi kwa sababu boksi limesema hivyo. Anasema ni sahihi kwa sababu kuna kitu halisi alichokilinganisha nacho.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna vitu halisi vya kulinganisha, vingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1977, Somalia na Ethiopia zikipigana Ogaden jirani yetu, Kenya iliagiza kutoka kwa Vickers wa Uingereza vifaru 38 vya Mk 3 pamoja na magari 3 ya kuvuta vifaru vilivyokwama. Mwaka uliofuata ikaagiza 38 vingine na magari 4. Vya mwisho vilifika mwaka 1982. Jumla vifaru 76. Kila kimoja kilikuwa na injini ya Detroit Diesel ya silinda 12 yenye nguvu za farasi 720, na mzinga wa L7 wa milimita 105.

Tanzania ilinunua kwa Wachina: Type 59, ambayo ni T-54 ya Kirusi iliyotengenezwa China, na Type 62 iliyo ndogo zaidi. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na Sherman zilizotoka Israel. Kwa hiyo mtu anayetaka kujenga kifaru cha JWTZ, jeshi la Tanzania, cha wakati wa vita vya Kagera, kati ya Oktoba 1978 na kuanguka kwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, asianze na boksi la T-55 kwa sababu tu linafanana. Trumpeter wametoa Type 59 kwa 1/35, aitafute hiyo. Na kama amepata T-54 kwa bei nzuri, aangalie juu ya turreti, kile kichwa kinachozunguka: T-54 ina kibonge cha kupitishia hewa kama kofia ndogo mbele ya mlango wa kulia, T-55 haina. Kibonge hicho ni kidogo kuliko punje ya hindi kwenye modeli, lakini kinasema kifaru ni cha miaka gani.

Kijana mmoja wa mtaa wa Bahati alinijia ameshika boksi kutoka kwenye meza yangu mwenyewe.

"Mathe, hii T-72 ni ya Kenya, sindio? Zile za meli."

"Kaa chini kwanza, kijana wangu," nikamwambia. "Za meli gani?"

Alikuwa anazungumzia MV Faina. Meli hiyo ya Ukraine ilitekwa na maharamia wa Kisomali tarehe 25 Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya T-72, ikaachiliwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa, na ikatia nanga Mombasa siku chache baadaye. Serikali yetu ilisema mali ni ya Kenya. Magazeti nayo yakaandika kuhusu nyaraka za shehena zilizokuwa na herufi GOSS, na wengi wakasema zinamaanisha serikali ya Sudan Kusini. Mimi si mtu wa kuamua kesi hiyo, ila kwa mjenzi wa modeli ni jambo la maana sana. Ukibandika bendera ya Kenya kwenye turreti ya T-72, unatoa ushahidi. Unayo picha? Kama picha uliyonayo ni ya kifaru kikiwa juu ya treni au bandarini, basi kijenge kifaru kikiwa bandarini, bila alama yoyote, kamba zimefungwa, na utakuwa umesema kweli.

Kisha nikamfungulia boksi. T-72 nazo zina koo nyingi. Zile za mwanzo zina taa kubwa upande wa kushoto wa mzinga, ukihesabu kama mtu aliyekaa ndani akitazama mbele. Kwenye T-72A, na T-72M1 iliyotengenezwa kwa kuuzwa nje, taa imehamia kulia. Mtu akijua hilo tu, nusu ya makosa ya maboksini ameshayakwepa. Aliniachia boksi akaenda kutafuta picha kwanza, na mimi nilimwekea pembeni bila kuchukua arbuni.

Kwa anayeanza, namna rahisi ya kutambua kifaru ni magurudumu. T-54, T-55 na Type 59 zina magurudumu makubwa matano kila upande, na kuna pengo la wazi kati ya la kwanza na la pili. T-72 ina sita. Vickers Mk 3 ina sita pia, na juu yake vigurudumu vitatu vidogo vinavyobeba mnyororo ukirudi mbele. Hesabu magurudumu kabla ya kutoa pesa.

Sasa tuje kwenye kununua seti ya mtumba, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Usiangalie picha ya juu ya boksi. Mchoraji wa boksi kazi yake ni kukuvutia, na kifaru alichochora mara nyingine si kile kilichomo ndani. Fungua. Tafuta karatasi ya maelekezo. Nyuma au ukurasa wa kwanza huwa na mchoro wa fremu zote zenye herufi A, B, C. Hesabu fremu moja moja. Kipande kilichokatika kutoka kwenye fremu si tatizo kama kipo chini ya boksi, kwa hiyo toa kila kitu, tikisa mfuko, pitisha kidole kwenye kona. Boksi lisilo na karatasi ya maelekezo bado linajengeka. Lililopungukiwa fremu ya magurudumu ni la kuvunja vipuri tu, na bei yake iwe ya vipuri.

Geuza bodi uangalie tumbo lake. Kampuni nyingi huchonga mwaka hapo chini. Mwaka huo ni wa kalibu, na ndio wa kuamini. Seti inaweza kuwa kwenye boksi jipya lenye rangi za kupendeza huku kalibu yake ikiwa ya miaka ya sabini, maana kalibu ni chuma, haiozi, na kampuni huikodisha au kuiuza kwa kampuni nyingine. Ukiona tumbo lina matundu ya swichi na nafasi ya betri, hiyo ni seti ya zamani ya mota. Zinapendeza, na mimi nazipenda kwa historia yake, lakini angalia upana: wachongaji wengine walinenepesha bodi ili mota iingie. Toa rula hapo hapo sokoni. Muuzaji akikukasirikia kwa kupima, mrudishie boksi lake.

Minyororo ya seti za zamani ni ya plastiki laini kama mpira. Ikikaa miaka mingi ikigusana na polistirini, mafuta yaliyo ndani ya plastiki laini huhamia kwenye ngumu na kuiyeyusha. Nimetoa bodi boksini zikiwa na alama za mnyororo zilizochimbika mpaka ndani kama zimeumwa. Ukinunua seti ya namna hiyo, siku hiyo hiyo funga minyororo kwenye mfuko wake peke yake. Stika za maji zilizogeuka manjano usizitupe. Zibandike dirishani kwenye jua la Nairobi, ndani ya mfuko angavu, na manjano hupungua sana baada ya wiki chache.

Na wewe unayeagiza seti mpya mtandaoni, ushauri wangu ni mfupi. Kwa bei ya kawaida na vipande vinavyokaa bila kulazimishwa, Tamiya. Kama unataka ndani ya kifaru pia, injini na viti na mabomu, MiniArt wa Kyiv wana mfululizo mzima wa T-54 na T-55, lakini usianze nao. Seti ya kwanza iwe yenye vipande vichache, ili uimalize.

Kifaru changu mwenyewe kimenichukua muda mrefu kuliko vyote kwa sababu hakikutoka kwenye boksi. Vickers Mk 3 sijawahi kuikuta kwenye bale, na sikutaka kungoja. Nilianza na vipimo nilivyotaja juu, na picha. Picha yenyewe ni chombo cha kupimia ukijua kuitumia. Tafuta iliyopigwa kutoka ubavuni kabisa, kwa mbali, ili upande mmoja usionekane mkubwa kuliko mwingine. Ukijua bodi ina mita 7.56 na kwenye picha yako imechukua milimita 126, basi kila milimita ya picha ni sentimita 6 za chuma. Kutoka hapo unaweza kupima urefu wa turreti, nafasi kati ya magurudumu, kila kitu kilicho kwenye mstari huo wa ubavu. Picha nazitoa kwenye magazeti, vitabu na maonyesho ya wazi, kama yale ya jeshi letu, KDF, ya Uhuru Gardens mwezi Mei 2022. Kambi za jeshi ni maeneo yanayolindwa na sheria. Hakuna modeli inayostahili mtu kusimama getini kwa wanajeshi akiwa ameinua simu.

Mzinga niliutoa kwenye Leopard 1 ya Kijerumani iliyopoteza minyororo. Hii si kubahatisha: L7 ya Uingereza ilifungwa kwenye Centurion, kwenye Leopard 1, na kwenye Vickers. Ule uvimbe ulio kwenye mzinga ni wa kunyonya moshi baada ya risasi ili usirudi kwa wanajeshi ndani. Magurudumu niliyatafuta kwa venia, kile kipimio cha sehemu za milimita, wala sikujali jina la kifaru yalikotoka. Nina kopo la magurudumu ya vifaru vilivyokufa, na nilipima moja moja mpaka nikapata sita kwa kila upande yanayolingana na picha.

Bodi na turreti nilizikata mwenyewe, na hapa Gikomba hutupungukii plastiki. Ila si kila plastiki inafaa. Tazama namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo: 6 ni polistirini, ndugu wa plastiki ya modeli, na gundi ya modeli itaishika. Baadhi ya vikopo vya yoghurt ni 6. Makasha ya CD yale angavu, ambayo siku hizi hakuna anayeyataka na yamejaa kwenye mabale, pia ni polistirini, na ubapa wake ni mzuri kwa mabamba ya bodi. Namba 5, yale makopo ya siagi na aiskrimu, achana nayo, haishiki gundi hiyo. Vishikio vidogo vya juu ya milango nilivipinda kutoka kwenye waya wa shaba wa earphone zilizokufa. Antena inatoka kwenye fremu tupu: unaipasha moto juu ya mshumaa mpaka ilegee, unaivuta pole pole pande mbili, inakuwa uzi mwembamba ulionyooka.

Gundi yenyewe inafanya kazi tofauti na gundi ya viatu. Inayeyusha uso wa plastiki mbili, zinaingiana, na kiyeyusho kikishapaa zinabaki kitu kimoja. Kwa hiyo haitaki wingi. Shikilia vipande vikiwa pamoja, gusa mstari wa maungio kwa brashi iliyolowa kidogo, gundi inajivuta ndani yenyewe. Vipande vya fremu vilivyobaki ukiviloweka kwenye chupa ya gundi vinakuwa uji wa plastiki, na uji huo unaziba mianya vizuri kuliko fila ya magari kwa sababu ukikauka unasuguka sawa na plastiki yenyewe. Lakini mvuke wake unashika moto. Mimi ni mtu wa Gikomba. Naikumbuka asubuhi ya tarehe 28 Juni 2018, watu 15 walipokufa motoni, na soko hili limeungua mara nyingi kabla na baada ya hapo. Chupa ya gundi na ya thina hazifunguliwi chumba chenye jiko linalowaka, na kazi ya mshumaa na kazi ya gundi hazifanywi siku moja. Fungua dirisha. Watoto walale kwingine.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwanajeshi, amestaafu. Ndiye mkaguzi wangu. Alipoiona Vickers ikiwa bado nyeupe na angavu, viraka vya makasha ya CD, aliizungusha mkononi bila kusema kitu kwa muda.

"Dereva umemweka upande gani, dada?"

"Kulia, kaka. Nilifuata picha."

"Ni kulia." Akaigeuza tena. "Lakini hii ya kwako haijawahi kutumika. Kifaru kinalala nje. Kuna masanduku ya wenyewe, jerikeni, turubai, kamba ya kuvutia. Na hiyo injini ukiisikia ikiunguruma hutasahau, ni ile ya mapigo mawili, inalia kama imekasirika. Huko nyuma hapakosi masizi."

Detroit Diesel ile ni ya mapigo mawili kweli. Nililijua kutoka kitabuni, yeye analijua masikioni. Masizi nikayaweka. Turubai nililishona kwa kipande cha leso nyembamba kilicholowekwa gundi nyeupe na maji, kikakaukia juu ya kisanduku cha nyuma.

Rangi huja mwisho, na ndipo haraka inapoharibu kazi ya wiki. Osha modeli kwa maji na sabuni, mafuta ya vidole yaondoke. Piga praima nyembamba. Itakuonyesha kila mwanya ulioukosa. Kisha rangi ya kifaru, tabaka jembamba mara kadhaa, na uipunguze ukali kwa tone la nyeupe, kwa maana kitu kidogo kikipakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa huonekana cheusi kuliko kinavyopaswa. Kabla ya stika piga vanishi ya kung'aa, ili maji yasiache hewa chini yake ikawa kama magamba. Baada ya stika, rangi ya kahawia iliyokoza, iliyotiwa thina nyingi, inaingia kwenye mikunjo na kuzunguka boliti, na ghafla kila boliti inaonekana.

Vumbi usinunue. Kampuni zinauza chupa ndogo za vumbi la rangi kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Nenda na udongo wa mahali kifaru kilipokuwa. Udongo mwekundu wa Limuru si udongo mweusi wa Athi River, wala si vumbi la kijivu la kaskazini. Ukaushe, usage, uchekeche kwa soksi ndefu za nailoni, ambazo sokoni kwetu ni za kumwaga. Chini, kwenye minyororo, uwe mzito. Juu kwenye turreti, kidogo tu, pale wanajeshi wanapokanyaga wakipanda. Na magurudumu yapate ukingo wa mpira uliopauka, maana mpira haung'ai.

Na sababu ya kujisumbua hivi iko karibu nasi: mitaa yetu imejaa majina ya vita. Kariokor pale ng'ambo ni Carrier Corps ya 1914 hadi 1918. Soko la Burma limebeba jina la nchi ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944, ikishuka Bonde la Kabaw kwenye mvua na matope. Wazee wetu walivikuta vita hivyo kwa miguu. Mtu wa Shauri Moyo au Kaloleni akiamua kujenga Sherman au lori la kijeshi la wakati huo, anajenga kitu ambacho babu yake huenda alikisogelea na kukigusa, na kwa sababu hiyo natamani akijenge sawasawa, kwa picha na rula, asikubali kila alichoambiwa na boksi.

Vickers yangu imebaki sehemu moja: sitaha ya nyuma juu ya injini, zile grili za kutolea joto. Picha nyingi zimepigwa kutoka mbele au ubavuni, na kutoka juu ni adimu. Grili nimezikata mara mbili kwa bati la mkebe wa soda, nikazing'oa zote mbili kwa sababu hazikulingana na picha ndogo niliyo nayo. Kama nyumbani kwenu kuna albamu ya mzee aliyetumikia miaka ya themanini, na ndani yake kuna picha ya gwaride iliyopigwa kutoka jukwaani, ikionyesha mgongo wa kifaru, niletee niitazame. Sitaichukua. Nitaipima hapo hapo mezani nikurudishie, na ukitaka seti ya kuanzia nitakuchagulia nzuri.